Nani Aliyemwacha Mshambuliaji? Mnyambuliko, Nafsi na Masharti katika Mijadala ya Mashabiki wa Simba na Yanga

Ikisiri

Mijadala ya mashabiki wa kandanda kuhusu mshambuliaji aliyesajiliwa, aliyeachwa au anayesugua benchi aghalabu huchukuliwa kuwa kelele za ushabiki zisizo na mpangilio. Makala haya yanadai kinyume chake. Yanaonyesha kwamba mjadala kuhusu safu ya ushambuliaji, kwa kina chake, ni mjadala kuhusu nani aliyeamua, na kwamba katika Kiswahili swali hilo huulizwa na kukwepwa kwa njia ya viambishi: vya mnyambuliko, vya nafsi na vya masharti.

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa lugha ya michezo katika Kiswahili umeelekea zaidi kwenye msamiati, yaani jinsi istilahi kama vile kipa, winga na penalti zilivyokopwa na kutoholewa. Huo ni upande mmoja tu wa suala hili. Shabiki hatumii maneno ya mchezo ili kuutaja mchezo tu. Huyatumia ili kulaumu, kutetea na kudai. Kazi hiyo ya hoja hutekelezwa na sarufi zaidi kuliko msamiati.

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba sentensi za mfano zilizomo humu si nukuu za watu mahususi. Zimetungwa kwa kufuata miundo iliyozoeleka katika usemi wa mashabiki wa Tanzania. Matukio ya kandanda yanayotajwa, hata hivyo, ni ya kweli.

2.0 Muktadha wa Mijadala

Vilabu viwili vinavyohusika ni Young Africans, yaani Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Vyote viwili vilikua kama vyama vya wanachama. Hata katika mageuzi ya Simba yaliyoanza mwaka 2017, ambayo yalimwingiza Mohammed Dewji kama mwekezaji, mgawanyo uliokubaliwa ulikuwa wa asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa mwekezaji. Kwa hiyo mwanachama anapohoji usajili, haongei kama mtazamaji aliyekata tiketi tu. Huongea kama mwenye mali.

Maamuzi mawili yanafaa kuchukuliwa kama kielelezo. La kwanza ni la Yanga. Katika msimu wa 2022/23 Fiston Mayele alifunga magoli 7 katika Kombe la Shirikisho la Afrika na kuwa mfungaji bora wa mashindano hayo, ambayo Yanga ilifika fainali na kushindwa na USM Alger kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Katikati ya mwaka 2023 alihamia Pyramids ya Misri. Nafasi yake ilijaribiwa kujazwa na Hafiz Konkoni, kisha Joseph Guede aliyesajiliwa katika dirisha dogo la Januari 2024, na baadaye Prince Dube. La pili ni la Simba, ambayo katika dirisha dogo hilohilo iliagana na Moses Phiri na Jean Baleke, ikawaleta Freddy Michael Koublan na Pa Omar Jobe. Baleke alikuwa akiichezea Simba kwa mkopo kutoka TP Mazembe. Kabla ya msimu wa 2024/25 alijiunga na Yanga. Ni vigumu kupata mfano bora wa uamuzi unaowapa watani wa jadi la kusema.

3.0 Mzizi -ach- na Mgawanyo wa Lawama

Kitenzi kikuu katika mijadala ya aina hii ni acha. Tazama namna kinavyonyambulika:

(1) (a) Viongozi wamemwacha mshambuliaji.
(b) Mshambuliaji ameachwa.
(c) Klabu imeachana na mshambuliaji.
(d) Klabu imemwachia mshambuliaji aondoke.
(e) Wamemwacha mfungaji, wametuachia garasa.

Sentensi zote tano zaweza kuhusu tukio moja, lakini hazigawi wajibu kwa namna moja. Katika (1a) mtenda yupo wazi na mtendwa yupo wazi. Lawama ina anwani. Katika (1b) kauli ya kutendwa inamhifadhi mtendwa na kumwondoa mtenda. Msikilizaji anajua kwamba kuna aliyeacha, kwa kuwa kiambishi -w- humdokeza mtenda hata asipotajwa, lakini hawezi kumnyooshea kidole.

Sentensi (1c) ndiyo iliyozoeleka mno katika taarifa za vilabu na vichwa vya habari vya magazeti. Kiambishi -an- hubeba dhana ya kutendana, hivyo tendo huonekana kuwa limefanywa na pande mbili kwa usawa, hata pale ambapo upande mmoja ndio ulioamua na mwingine ukaarifiwa. Hapa inafaa kukumbuka matumizi ya mzizi huu katika ndoa. Mume aliyemwacha mkewe na wawili walioachana hawapimwi kwa mizani moja mbele ya jamaa zao. Mashabiki wanaujua umbali huo. Ndiyo maana taarifa inayosema kwamba klabu imeachana na mchezaji hujibiwa papo hapo kwa swali: “Wameachana, au mmemwacha?”

Kauli ya kutendea hufanya kazi mbili zinazopingana. Katika (1d) inalainisha tendo: mchezaji ndiye aliyetaka kuondoka na klabu imemfanyia hisani. Katika (1e) kiambishi kilekile, kikiambatana na -tu-, humleta shabiki ndani ya sentensi kama mtu aliyedhurika. Mfano mwingine wa matumizi hayo ni huu:

(2) Viongozi wametuuzia mfungaji wetu.

Sentensi hii haina maana kwamba mashabiki ndio walionunua. Kivumishi wetu kinaiondoa tafsiri hiyo. Maana yake ni kwamba mauzo yamefanywa kwa hasara yao. Vitabu vya sarufi vya shule hupenda kuifafanua kauli ya kutendea kwa mifano ya manufaa, kama vile kumpikia mgeni. Usemi wa mashabiki unakumbusha kwamba kauli hiyo hubeba madhara vilevile.

Upo mkwepo wa mbali zaidi, nao ni wa kauli ya kutendeka:

(3) (a) Uongozi ulishindwa kumbakiza.
(b) Ilishindikana kumbakiza.

Katika (3b) hakuna mtenda wala dokezo la mtenda. Kiima ni i- kisichorejelea nomino yoyote. Uamuzi umegeuzwa kuwa hali, mfano wa mvua iliyonyesha. Anayejadiliana kwa umakini hairuhusu sentensi hii ipite. Huirudisha katika (3a) kwa kuuliza: “Nani alishindwa?” Swali hilo fupi ni uchambuzi wa sintaksia, ingawa muulizaji hatalipa jina hilo.

4.0 Nafsi: Tu-, M- na Wa-

Kiswahili hakitofautishi kimofolojia baina ya “sisi” inayomjumuisha msikilizaji na “sisi” inayomtenga. Utata huo ni rasilimali ya hoja. Shabiki husema “tumemsajili Dube” ingawa hakukaa katika kikao chochote cha kamati ya usajili. Mshambuliaji akianza kucheka na nyavu, tu- hubaki. Akikosa magoli, nafsi huelekea kubadilika:

(4) (a) Tumesajili mashine.
(b) Wametusajilia garasa.

Yaweza kudhaniwa kwamba badiliko hili ni unafiki wa kawaida wa kibinadamu: sifa zetu, lawama zao. Maelezo hayo hayatoshi. Katika (4b) shabiki hajajitoa katika klabu. Amehama kutoka nafasi ya kiima kwenda nafasi ya yambwa. Bado yumo, lakini sasa kama mwenye mali aliyetendewa vibaya na aliowapa dhamana. Wa- huwataja waliokabidhiwa madaraka, na -tu- huwakumbusha kwamba mali si yao. Kwa klabu ambayo wanachama wanahesabiwa kuwa na hisa nyingi kuliko mwekezaji, hilo si tamathali tu.

Mtani naye huingia kwa m-: “Mmemwacha Baleke, mtamkumbuka.” Nafsi ya pili wingi haitofautishi kiongozi, kocha na shabiki, wote hubebeshwa uamuzi mmoja. Anayejibu hulazimika kuchagua. Akisema “tulimwacha kwa sababu alikuwa wa mkopo,” ameukubali uamuzi kuwa wake. Akisema “mtani, waliomwacha ni viongozi,” amejitenga na uongozi mbele ya mpinzani, jambo ambalo wengi huliona aibu hata pale wanapoliamini.

5.0 Masharti kama Ushahidi

Safu ya ushambuliaji huzaa hoja za masharti kuliko idara nyingine yoyote, kwa kuwa goli lisilofungwa huacha nafasi ambayo kila mmoja aweza kuijaza kwa jina. Mwaka 2024 Yanga ilikutana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi zote mbili ziliisha bila goli, na Yanga ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Hoja iliyofuata ilitarajiwa:

(5) Mayele angekuwepo, tungewatoa Mamelodi.

Kwa mujibu wa sarufi za shule, jambo lililokwisha kupita lilistahili -ngali- au -ngeli-. Katika usemi wa kawaida, -nge- imechukua nafasi zote mbili, na wakati hufahamika kutokana na muktadha. Lililo muhimu zaidi ni namna sentensi hiyo inavyojibiwa. Wapo wanaopinga sehemu ya kwanza: Mayele asingeweza kuwepo, maana alikwisha kuuzwa. Wapo wanaopinga uhusiano wa sehemu mbili: katika msimu huohuo wa 2023/24 Stephane Aziz Ki, ambaye ni kiungo, aliongoza kwa ufungaji katika Ligi Kuu kwa magoli 21, basi tatizo halikuwa ukosefu wa namba tisa. Na wapo wanaoleta sharti mbadala:

(6) Lile shuti la Aziz Ki lingehesabiwa kuwa goli, Mayele asingetajwa.

Hilo ni shuti la mechi ya marudiano, jijini Pretoria, ambalo liligonga mwamba na ambalo wengi waliamini kwamba lilivuka mstari. Hatua hizi tatu, yaani kukana dhana ya awali, kukana uhusiano na kuleta chanzo kingine, ndizo zinazofundishwa katika somo la mantiki. Mashabiki huzitekeleza kwa mofimu moja na ukanushi wake.

6.0 Upatanisho wa Majina ya Sifa na Kejeli

Suala la mwisho laweza kuelezwa kwa ufupi. Mshambuliaji huitwa jembe, kifaa au mashine anapotarajiwa mema, na garasa, neno la mchezo wa karata, anapokatisha tamaa. Majina haya huruhusu upatanisho wa aina mbili: “garasa hili limetugharimu” na “garasa huyu ametugharimu.” Upatanisho wa kwanza humchukua mchezaji kama kitu kilichonunuliwa; wa pili humrudishia utu. Katika majibizano, anayemtetea mchezaji huelekea kurejesha upatanisho wa viumbe hai pamoja na jina lake halisi: “Huyo unayemwita garasa ni Guede, na hajaletewa krosi hata moja.”

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika mijadala kuhusu safu ya ushambuliaji, mnyambuliko wa kitenzi huamua kama mtenda ataonekana au atafichwa, viambishi vya nafsi huamua nani ni mwenye mali na nani ni mdhamini, na -nge- hutoa uwanja wa kupima uamuzi uliokwisha kufanyika. Kutokana na hayo, mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, mifano ya aina hii inastahili kuingizwa katika ufundishaji wa mnyambuliko, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kuuliza “wameachana, au mmemwacha?” tayari anatofautisha kwa vitendo kauli ya kutendana na ile ya msingi. Pili, tofauti zilizobainishwa hapa hazikomei michezoni. Uongozi unaotangaza kwamba “imeshindikana” hupatikana pia katika shule, vyama vya ushirika na halmashauri. Utafiti wa baadaye unafaa kuchunguza kama wasemaji wanaoidai nafsi ya mtenda kwa ukali katika habari za mshambuliaji huidai kwa ukali huohuo katika habari za maji, ada na barabara.