KUMTAFUTA ASKARI WA UKOO ALIYEFIA VITANI
(Na mwanachama wa Kidato cha Tatu)

Kuanzia Lodwar hadi Kakuma ziko boma nyingi zenye habari za babu aliyeenda "Keya" asirudi. Keya ni King's African Rifles. Mwaka 1918 jeshi hilo hilo lilikuja huku kuwapiga Waturkana, katika msafara ulioitwa Labur Patrol. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wetu wakawa askari wake, na wengine wakapelekwa mpaka Burma, yaani Myanmar ya leo. Je, utajuaje mtu wenu alifia wapi?

Kwanza, anza nyumbani. Nenda kwa mzee na tumbaku au sukari, usiende mikono mitupu. Usimwulize, "Alikufa mwaka gani?" Wazee wetu hukumbuka miaka kwa matukio: ukame, ugonjwa wa mifugo, vita. Uliza, "Aliondoka kabla ya njaa gani?"

Pili, andika majina yote. Hapa ndipo wengi hukwama. Mturkana ana jina la kuzaliwa, la baba yake, na pengine la maksai wake mpendwa. Karani wa jeshi aliandika alilosikia, tena kwa tahajia yake mwenyewe. Nyanya yangu wa Kakuma humtaja baba yake mdogo kwa jina la maksai tu, na jeshini hakukuwa na orodha ya maksai! Uliza pia ukoo, na kama alikuwa Ngimor (mawe) au Ngirisai (chui). Mwana huingia kundi lisilo la baba yake, kwa hivyo utajua kama anayesimuliwa ni baba au ni mwana.

Tatu, tafuta namba ya jeshi katika barua au kitabu cha mshahara. Majina yaweza kuwa matatu, lakini namba ni moja.

Nne, sasa fungua rekodi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, ina orodha kwenye intaneti, nayo ni bure. Utaona jina, namba, kikosi, tarehe na mahali. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana, karibu 27,000, wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon ulioko Taukkyan. Hapa Kenya uko mnara katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Ripoti za zamani za wilaya yetu zimo katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue.

Ukikosa jina, usiseme mtu hakuwako. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Hao wamebaki vinywani mwa wazee peke yake, na wazee wanatuacha kila mwaka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Seuze mtu? Wanachama wenzangu, likizo ijayo mkienda nyumbani, bebeni daftari.