Ngazi za Wajibu: Istilahi za Sheria ya Kiyahudi ya Biashara na Tatizo la Kuzifasiri kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi chache za sheria ya Kiyahudi (Halakha) zinazohusu mauziano, ahadi na ujira. Inadaiwa kwamba istilahi hizo hazigawanyi mwenendo wa mfanyabiashara katika mafungu mawili tu, yaani yale yanayoamriwa na sheria na yale yanayoachiwa maadili. Zinaunda ngazi, na kila kidato kina jina lake. Mfasiri anayetumia jozi ya “sheria” na “maadili” peke yake hufuta vidato vya katikati, na kwa kufanya hivyo hubadilisha sheria yenyewe. Mwishoni tunapendekeza visawe vya Kiswahili vinavyoweza kuihifadhi ngazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Suala la tafsiri ya istilahi za sheria limezungumzwa mara nyingi kwa kuzingatia upungufu wa msamiati. Huulizwa iwapo Kiswahili kina neno kwa ajili ya dhana fulani, na kama halipo, litoholewe au liundwe. Makala hii inaliangalia tatizo la namna nyingine. Kuna hali ambapo maneno yapo, tena mengi, lakini mpangilio wake haulingani na mpangilio wa lugha chanzi. Kosa la mfasiri hapo huwa ni kuteua neno sahihi na kuliweka mahali pasipo pake.

Tumeiteua sheria ya Kiyahudi ya biashara kwa sababu mbili. Kwanza, matini zake zinajadili waziwazi nguvu ya maneno: ni wakati gani kauli inafunga mkataba, ni wakati gani inamfunga msemaji tu, na ni wakati gani inajeruhi. Pili, Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, na Kiswahili kimekopa kwa wingi kutoka Kiarabu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hukutana na mizizi anayoifahamu, jambo linaloweza kumsaidia na pia kumpotosha.

2.0 Usuli wa Matini

Msingi wa mjadala ni Mishna, iliyokusanywa na Rabbi Yehuda Hanasi mnamo mwaka 200 BK. Masuala ya madai na biashara yamewekwa hasa katika vitabu vitatu: Bava Kamma, Bava Metzia na Bava Batra, majina ya Kiaramu yenye maana ya Lango la Kwanza, Lango la Kati na Lango la Mwisho. Kila kimoja kina sura kumi. Mijadala ya Wenye Hekima wa Babeli kuhusu Mishna ndiyo iliyozaa Talmudi ya Babeli. Baadaye sheria hizo zilipangwa upya na Maimonides huko Misri katika karne ya 12, na kisha na Yosef Karo katika Shulhan Arukh, kitabu kilichochapishwa mara ya kwanza Venice mwaka 1565. Sehemu yake iitwayo Hoshen Mishpat ndiyo inayohusu madai. Mifano yetu mingi inatoka katika Bava Metzia.

3.0 Onaa: Dhuluma ya Bei na Dhuluma ya Maneno

Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinakataza onaa mara mbili, katika aya ya 14 na ya 17. Wenye Hekima hawakukubali kwamba marudio hayo hayana kazi. Walisema aya ya kwanza inahusu mali na ya pili inahusu maneno.

Onaa ya mali ina kipimo. Mishna inaiweka kwenye sudusi, yaani sehemu moja kwa sita: fedha nne kati ya fedha 24 zilizomo katika sarafu ya sela. Rava alifafanua hesabu hiyo hivi: tofauti na bei ya soko ikiwa chini ya sudusi, mauzo yanasimama, ikiwa sudusi kamili, mauzo yanasimama lakini ziada inarudishwa, ikizidi sudusi, mauzo yanaweza kubatilishwa. Mnunuzi ana muda wa kumwonyesha mfanyabiashara mwingine au jamaa yake kile alichonunua. Mishna inasimulia kwamba Rabbi Tarfon aliwafundisha watu wa Lod kuwa kipimo ni thuluthi, na wachuuzi wa mji wakafurahi. Alipoongeza kwamba mnunuzi ana siku nzima ya kurudisha bidhaa, walimwomba awaache walivyokuwa, wakarejea kwenye kauli ya Wenye Hekima. Kisa hiki kifupi kinaonyesha kwamba kipimo cha bei na kipimo cha muda ni mizani moja yenye sahani mbili.

Onaa ya maneno haina kipimo. Mfano wa kwanza unaotolewa na Mishna unatoka sokoni: mtu asiulize bei ya kitu ilhali hana nia ya kukinunua. Mfano wa pili unatoka nje ya soko: aliyetubu asikumbushwe matendo yake ya zamani. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa na methali isemayo kuuliza si ujinga, anaweza kushangaa. Hata hivyo, kinachokatazwa hapa si swali. Kinachokatazwa ni kauli yenye umbo la swali la mnunuzi isiyokuwa na nia ya mnunuzi, inayompa muuzaji tumaini ambalo muulizaji anajua ni la bure.

Talmudi inasema kwamba dhuluma ya maneno ni nzito kuliko ya mali. Miongoni mwa sababu ni kwamba ile inamgusa mtu mwenyewe na hii inagusa fedha zake, na kwamba fedha hurudishwa lakini neno halirudishwi. Lakini mahakama haiwezi kuitoza, kwa kuwa nia imekabidhiwa moyo, na ndiyo maana aya ya 17 inaongeza amri ya kumcha Mungu. Basi hapa tuna kosa ambalo ni zito zaidi na ambalo halina hukumu ya mahakama. Mfasiri anayedhani kwamba uzito wa kosa hupimwa kwa ukali wa adhabu atakuwa amepotea njia tangu mwanzo.

4.0 Neno, Fedha na Laana

Katika Mishna, bidhaa inayohamishika haihamii kwa mnunuzi kwa kulipwa fedha. Huhamia pale anapoivuta kuelekea kwake. Rabbi Yohanan alieleza kwamba kwa asili fedha ingetosha, ila Wenye Hekima walihofu kwamba muuzaji aliyekwisha kulipwa angeuacha mzigo uteketee, kisha amwambie mnunuzi kuwa ngano yake imeungua darini. Kanuni hiyo inamlinda mnunuzi, lakini inaacha pengo: fedha ikishalipwa na bidhaa haijavutwa, kila upande unaweza kujitoa.

Pengo hilo halikuachwa wazi. Anayejitoa baada ya fedha kulipwa hutamkiwa maneno yaitwayo mi shepara, kwamba Yeye aliyewalipiza watu wa gharika na watu wa mnara wa Babeli atamlipiza asiyesimama na neno lake. Abaye na Rava walitofautiana juu ya maneno hayo. Abaye alisema mtu huyo huarifiwa tu. Rava alisema hulaaniwa. Mwanaisimu hana budi kusimama hapa. Sentensi ni ile ile, na maana yake ya kisarufi haibadiliki. Kinachobishaniwa ni tendo linalofanywa kwa kuitamka. Nadharia ya vitendo-uneni ya J. L. Austin, ambayo mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, imejengwa juu ya tofauti ya namna hiyo hiyo. Shulhan Arukh ilimfuata Rava: mtu huyo hulaaniwa mbele ya mahakama.

Na ikiwa hakuna hata fedha iliyolipwa, ila maneno matupu? Rav Kahana alikuwa amepokea fedha za kitani, kisha bei ikapanda. Akaenda kwa Rav. Rav alimwambia awape kitani kinacholingana na fedha alizopokea. Kuhusu kilichobaki, yalikuwa ni maneno tu, na kuyaacha si upungufu wa amana. Rabbi Yohanan aliona kinyume: huo ni upungufu wa amana. Upande wake ulitegemezwa na mchezo wa maneno. Walawi 19:36 inaamuru hin ya haki, na hin ni kipimo cha vimiminika. Lakini neno hilo linakaribiana na hen, “ndiyo”. Kwa hiyo ilifundishwa kwamba “ndiyo” ya mtu iwe ya haki kama kibaba chake kilivyo cha haki. Abaye aliyapunguza makali ya fundisho hilo: linamkataza mtu kusema moja kwa mdomo na jingine moyoni, na halimhusu aliyesema kwa nia njema kisha bei ikabadilika.

Hadi hapa tumekwisha kupata vidato vitatu: lile ambalo mahakama hulazimisha, lile ambalo mahakama hailazimishi bali hulilaani, na lile ambalo halilaaniwi, ila Wenye Hekima hawaridhiki na mtendaji wake.

5.0 Kisa cha Wachukuzi

Kidato cha nne kinaonekana katika kisa kinachohusu ujira. Wachukuzi walivunja mtungi wa divai wa Rabba bar bar Hanan, naye akachukua mavazi yao. Walikwenda kumshitaki kwa Rav. Rav aliamuru warudishiwe mavazi. Rabba akauliza kama hiyo ndiyo din, yaani hukumu ya sheria. Rav akakubali, akitegemea sehemu ya kwanza ya Methali 2:20 kuhusu njia ya watu wema. Wachukuzi wakasema wao ni maskini, wametaabika kutwa, wana njaa na hawana kitu. Rav akaamuru walipwe ujira wao. Rabba akauliza tena swali lile lile, na Rav akajibu tena kwamba ndiyo, akitegemea sehemu ya pili ya aya hiyo kuhusu mapito ya wenye haki.

Wafafanuzi wengi wanakiweka kisa hiki chini ya dhana ya lifnim mishurat hadin. Dhana hii hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni kutenda “zaidi ya” sheria au “kuvuka” sheria. Lakini lifnim maana yake ni ndani. Kiebrania kinamweka mtu huyo ndani ya mstari wa hukumu: hafiki ukingoni ambapo haki yake inamruhusu kufika. Tofauti hii ya sitiari si ndogo. Anayevuka sheria ametoka nje yake na kuingia katika hisani, na hisani haidaiwi. Anayesimama ndani ya mstari bado yumo katika eneo la sheria, na ndiyo maana Rav aliweza kujibu kwamba hiyo ni din. Tukifasiri kwa “kuvuka”, jibu la Rav halieleweki tena. Rabbi Yohanan alikwenda mbali hadi kusema kwamba Yerusalemu iliangamizwa kwa sababu watu wake waling’ang’ania hukumu bila kusimama ndani ya mstari.

6.0 Mizizi ya Pamoja na Mitego Yake

Ni rahisi kuvutiwa na kufanana kwa sauti. Onaa na kitenzi chetu onea vinakaribiana kwa umbo na hata kwa maana, lakini huo ni mkutano wa bahati tu. Onea ni kauli ya kutendea ya ona, na asili yake ni ya Kibantu.

Kwa upande mwingine, mizizi mingine ina undugu wa kweli kupitia Kiarabu. Din ya Kiebrania ni hukumu. Dini yetu imetokana na neno la Kiarabu ambalo, pamoja na maana ya imani na ibada, lina maana ya hukumu na malipo, na deni linahusishwa na mzizi huo huo. Anayetafsiri din kwa “dini” atakuwa ameligeuza swali la Rabba kuwa swali la ibada. Hakham, mwenye hekima, ni wa mzizi mmoja na hekima, hakimu na hukumu. Amana ya Rabbi Yohanan ni ndugu wa amana na uaminifu. Nao wenye haki wa Methali 2:20 wanaitwa kwa neno lenye mzizi uliotupa sadaka. Undugu huu wa mwisho unastahili tahadhari kubwa kuliko yote. Rav hakuagiza wachukuzi wapewe sadaka, aliagiza walipwe. Kiswahili kimerithi upande wa utoaji wa mzizi huo, na mfasiri asipoangalia atawageuza wachukuzi kuwa waombaji.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza kwamba onaa ifasiriwe kwa neno moja, “dhuluma”, likifuatwa na “ya bei” au “ya maneno”. “Kupunja” ni neno zuri la sokoni, lakini halifiki kwenye maneno, na hoja nzima ya Mishna inategemea umoja wa istilahi. Genevat daat, katazo la Shmuel ambalo alilieleza kuwa linamlinda hata asiye Myahudi, liitwe “wizi wa fahamu”. “Ghiliba” ni fasaha, ila inapoteza hoja kwamba kitu kimeibwa: anayemfungulia mgeni pipa la divai lililokwisha kuuzwa, bila kumjulisha, anajipatia shukrani asizozistahili. Asiyetimiza neno lake aitwe “mpungufu wa amana”, na lifnim mishurat hadin iwe “ndani ya mstari wa hukumu”.

Mjadala huu si wa maktaba tu. Mabaraza ya Kiyahudi ya usuluhishi yanaendelea kuamua madai ya biashara katika miji kama London na New York, chini ya sheria za usuluhishi za nchi husika, nayo Halakha yenyewe inakubali kanuni ya Shmuel kwamba sheria ya dola ni sheria. Wadai wanaweza kuliruhusu baraza kuamua kwa din au kwa suluhu. Nchini Israeli, sheria ya mwaka 1980 inamwelekeza hakimu anayekosa jibu katika sheria na maamuzi yaliyopo kutazama misingi ya uhuru, haki, uadilifu na amani ya urithi wa Israeli.

Rabba aliuliza swali ambalo kila mwenye mali huuliza: je, sheria inanilazimisha? Lugha yenye maneno mawili tu, “sheria” na “maadili”, humruhusu akipata jibu la “hapana” aende zake na mavazi ya wachukuzi. Istilahi tulizozichunguza hazimruhusu, kwa kuwa baada ya “hapana” ya kidato kimoja humkabili kidato kingine chenye jina na chenye madai yake. Kazi ya mfasiri ni kuhakikisha kwamba majina hayo yanafika kwa msomaji yakiwa kamili.