SOMO LA MATAWI: KIKUNDI CHA USHAURI KWA WENZETU WANAOACHA POMBE NA DAWA ZA KULEVYA



Somo la leo lahusu jambo ambalo katika mikutano yetu hutajwa kwa kicheko, au halitajwi kabisa. Ni habari ya mwenzetu aliyetekwa na pombe au na dawa za kulevya. Kumcheka hakumponyi, na kumfukuza kazi hakumponyi. Iko njia isiyohitaji fedha nyingi, nayo ni kikundi cha ushauri cha watu wa mtaa mmoja, kambi moja au kiwanda kimoja. Yafaa somo hili lisomwe kwa sauti tawini, ili na asiyejua kusoma asikie.

1. Hali yetu

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Zamani za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya ajira na juu ya uhuru wa kukaa popote. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuma mijini warudi kambini. Hivyo seremala, mwalimu na fundi cherehani hukaa kutwa bila kazi, au hupata kibarua cha siku mbili tatu.

Mtu wa namna hiyo, aliyeona ndugu zake wakiuawa, usiku hapati usingizi. Kikombe cha kachasu humlaza. Kesho vyahitajika vikombe viwili. Kwa mfanyakazi wa viwanda vya Kanengo au wa shamba la tumbaku sababu ni nyingine: uchovu, mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na marafiki wanaongoja siku ya malipo. Lakini wote wawili huishia kwenye kibanda kile kile. Kachasu ya hapa ndiyo gongo ya Tanzania, chang'aa ya Kenya, lutuku na kanyanga ya Kongo. Na bangi hapa huitwa chamba.

Tusisahau pia kwamba pombe imewahi kuwa kamba ya kumfungia mfanyakazi. Katika mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini, kwa vizazi vingi, vibarua walipewa mvinyo kuwa sehemu ya ujira wao. Desturi hiyo iliitwa "dop". Ilizaa wazee wasio na akiba, na watoto waliozaliwa na ulemavu kwa kuwa mama zao walikunywa wakiwa na mimba. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1949, unakataza kabisa kulipa ujira kwa pombe kali. Basi mnyapara anayewagawia vibarua chupa jioni badala ya fedha si mkarimu. Ni mwizi wa ujira.

2. Kuutambua ugonjwa

Kila anywaye si mgonjwa. Daktari John Ewing wa Marekani alitunga maswali manne, yakachapishwa mwaka 1984, na hata leo yanatumika. Jiulize mwenyewe:

(a) Je, umewahi kuona kwamba yakupasa upunguze kunywa?
(b) Je, watu wamekuudhi kwa kukulaumu juu ya pombe?
(c) Je, umewahi kujiona una hatia kwa sababu ya kunywa kwako?
(d) Je, umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana?

Mwenye kujibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, na aende akaonane na mganga au mshauri. Hii si hukumu. Ni sawa na kupima homa.

3. Hatari ya kuacha ghafla

Jambo hili kila mwakilishi wa tawi alishike sana. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asilazimishwe kuacha siku moja, peke yake, chumbani. Mwili umezoea. Saa chache baada ya kuacha huanza kutetemeka, kutoka jasho na moyo kwenda mbio. Katika siku mbili za kwanza aweza kupatwa na degedege kama la kifafa. Siku ya pili hadi ya nne aweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Wengine hufa. Kwa hiyo apelekwe kwanza kwenye kituo cha afya, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1. Kwa walio kambini kipo kituo cha afya cha Dzaleka, na mbele yake hospitali ya wilaya ya Dowa. Kwa walioko Lilongwe kuna Hospitali Kuu ya Kamuzu na hospitali ya Bwaila. Kikundi hakichukui nafasi ya mganga. Hufanya kazi baada ya mganga, na pamoja naye.

4. Kikundi hufanyaje kazi?

Husemwa kwamba jina Dzaleka, kwa Kichewa, maana yake ni "sitarudia tena". Mlevi naye husema "sitarudia" kila Jumatatu, na husema kwa moyo safi. Ijumaa imemshinda. Kinachopungua ni watu wa kushika naye njia kati ya Jumatatu na Ijumaa. Hiyo ndiyo kazi ya kikundi.

Watu wanane hadi kumi na wawili watosha. Wakutane siku ile ile, saa ile ile, kila juma, mahali pasipo na wapita njia. Wanaume na wanawake wafaa wawe na vikundi mbali mbali, maana yako mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya wanaume. Lugha iwe ile ambayo wote wanaielewa. Kwa wengi wa Dzaleka hiyo ni Kiswahili. Masharti yawe machache, nayo yakubaliwe na wote:

Kwanza, yanayosemwa humu hayatoki nje. Mtu akisikia habari zake kisimani, kikundi kimekufa.

Pili, kila mtu aseme habari zake mwenyewe, asimseme jirani.

Tatu, hakuna kuhubiri wala kukemea.

Nne, aliyelewa leo asishiriki mazungumzo, lakini aambiwe kwa upole arudi juma lijalo.

Mkutano wenyewe huanza kwa kila mtu kueleza juma lake lilivyopita. Kisha hufuata somo moja. Somo la kwanza ni kujua vichocheo: ni saa gani, mahali gani, na ukiwa na nani ndipo kiu huja? Mmoja atasema ni siku ya mshahara. Mwingine atasema ni usiku, ndoto za vita zinapomwamsha. Kila mmoja apange njia yake. Huyu wa mshahara aweza kupatana na mkewe wakutane langoni saa ya kutoka kazini, fedha zipite kwanza dukani kununua unga. Huyu wa ndoto aende pia kwa mshauri, maana asipotibiwa jeraha la moyo atairudia dawa yake ya zamani. Shirika la JRS limetoa ushauri wa namna hiyo Dzaleka.

Somo jingine ni kukataa. Mnacheka, lakini ni kazi ngumu kumkatalia rafiki aliyekuinulia kikombe. Kikundi hufanya mazoezi: mmoja anashawishi, mwingine anakataa kwa maneno mafupi, bila kutoa sababu ndefu. Atoaye sababu ndefu anafungua mlango wa mabishano, na mwishowe hukaa chini akanywa.

Tena, mtu akianguka asifukuzwe. Wengi huanguka mara moja au zaidi kabla ya kusimama. Kikundi kimuulize: ilikuwa wapi, na nani, na mara ijayo utafanyaje?

Liko swali la mpika kachasu. Mara nyingi ni mama anayelisha watoto kwa pipa lile. Kumtukana si ushauri. Kikundi kinachotaka mtaa upone kifikirie pia mkate wake: chama cha kuwekeana fedha, bustani ya mboga, au biashara ya maandazi.

5. Je, njia hii imejaribiwa?

Ndiyo. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari mpasuaji, waliona kwamba kila mmoja hupata nguvu ya kutokunywa anapozungumza na mwenziwe. Hapo ndipo ulipoanza umoja wa Alcoholics Anonymous, ulioenea duniani kote. Zanzibar, tangu mwaka 2009, zipo nyumba za kupona ziitwazo "sober house", ambamo watu walioacha heroini huwaongoza wanaoanza.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Eldoret, Kenya. Watafiti walichukua wagonjwa 614 wa Ukimwi waliokunywa kupita kiasi. Baadhi waliwekwa katika vikundi vya kujifunza kuacha pombe, kwa Kiswahili, mikutano sita ya dakika 90, mmoja kila juma. Walioongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa vema. Wengine walipewa mafunzo ya afya tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: waliokuwa katika vikundi vya kuacha pombe walipunguza siku zao za kunywa kuliko wenzao.

6. Wajibu wa chama

Mwaka 1995 wataalamu wa ILO, pamoja na wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi, walikubaliana mwongozo juu ya pombe na dawa za kulevya kazini. Mwongozo huo unasema tatizo hili lichukuliwe kama matatizo mengine ya afya, siri ya mfanyakazi itunzwe, na anayetafuta matibabu kwa hiari asibaguliwe. Na Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inataka pawepo sababu halali kabla ya kumwachisha mtu kazi, na apewe nafasi ya kujitetea.

Hatusemi mlevi aendeshe mashine. Akiondolewa kwenye mashine anaokoa mkono wake na wa jirani yake. Tunasema kati ya kuondolewa mashineni na kufukuzwa kazi kuna njia ya tatu: ruhusa ya kwenda kutibiwa, kazi nyepesi kwa muda, na saa moja kila juma ya kwenda kikundini. Mwakilishi wa tawi ailete njia hiyo mezani kabla barua ya kufukuza haijaandikwa.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Katika sehemu yetu ya kazi, ni siku gani na saa gani pombe hunywewa zaidi? Kwa nini?
2. Ni nani miongoni mwetu anayeaminika kutunza siri, naye aweza kupelekwa kufundishwa uongozi wa kikundi?
3. Mwajiri akikataa kutoa saa moja kwa juma, tutamjibu nini?
4. Mkimbizi anayefanya kibarua bila kibali huogopa kujitokeza kutafuta msaada. Chama kimfikie vipi bila kumtia hatarini?

Katibu aandike majibu katika daftari la tawi, na mkutano ujao yasomwe tena ili ionekane yapi yametekelezwa.