Domodomo: Samaki Aonaye kwa Umeme

Mvuvi wa Ziwa Victoria humtambua domodomo kwa mdomo wake mrefu, uliopinda kuelekea chini mithili ya mkonga wa tembo. Jina lake la kisayansi ni *Mormyrus kannume*. Huishi katika bonde la mto Nile, yakiwemo maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, na huweza kukaribia urefu wa meta 1. Mchana hujificha, usiku hupekua matope akitafuta mabuu ya wadudu. Je, huyatambuaje gizani?

Jibu limo mkiani. Hapo kipo kiungo kilichotokana na misuli ambayo, badala ya kujikunja, hutoa mipigo mifupi ya umeme. Umeme huu ni dhaifu mno, wala si silaha kama ule wa kambare wa umeme, uwezao kuzidi volti 300. Kila pigo huunda uga wa umeme kuuzunguka mwili. Maji baridi hupitisha umeme kwa shida; buu huupitisha vizuri kuliko maji, na jiwe huupitisha vibaya zaidi. Kwa hiyo vitu hivyo viwili huupinda uga kwa namna tofauti. Vipokezi vilivyomo ngozini huhisi tofauti hiyo na kupeleka habari ubongoni.

Mipigo hiyo ni lugha pia, kwa kuwa kila aina ya samaki wa jamii hii ina pigo lake. Kazi hiyo yahitaji ubongo mkubwa. Katika jamaa yake mmoja, *Gnathonemus petersii*, ubongo hutumia kiasi cha asilimia 60 ya oksijeni ya mwili. Wa binadamu hutumia asilimia 20 tu.

Hata hivyo, umeme hauwaokoi na nyavu. Aina kadhaa za jamii hii katika Ziwa Victoria hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga mayai, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito ziliwanasa kabla hawajazaa. Sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongeza hatari. Kuilinda mito wakati wa mvua ni kukilinda kizazi kijacho cha samaki hawa.

Maswali

1. Kwa nini njia hii ya kutambua vitu isingefaa katika maji ya chumvi ya bahari?
2. Taja faida mbili za umeme dhaifu kwa samaki atafutaye chakula usiku.