Waya wa Spika: Unene Wake na Bei Yake

Mnunuzi akishalipia amplifaya na spika zake mbili, husalia na swali moja: atumie waya gani? Dukani huonyeshwa waya mwembamba wa rangi mbili, ambao mara nyingi hutolewa bure. Kisha huonyeshwa mwingine mnene, wenye ganda la kung'aa, ambao bei yake yaweza kukaribia bei ya spika yenyewe. Huambiwa kwamba huo wa pili huisafisha sauti. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza sheria ya Ohm anaweza kulipima dai hilo kwa penseli na karatasi kabla ya kufungua mkoba.

Amplifaya hupeleka mkondo geu katika koili ya spika. Koili hiyo imo ndani ya uga wa sumaku, na kwa hiyo huisukuma na kuivuta koni, nayo koni huutikisa hewani mtetemo tunaousikia. Waya ulio kati yao ni kikinza kama vikinza vingine. Ukinzani wake huongezeka kadiri urefu unavyozidi, na hupungua kadiri eneo la mkato wake linavyozidi. Waya wa shaba wa urefu wa meta 1, wenye eneo la mkato la milimita mraba 1, una ukinzani wa omu 0.0172 hivi. Tusisahau kwamba mkondo huenda na kurudi: spika iliyo umbali wa meta 5 hutumia meta 10 za waya.

Tuchukue spika ya omu 8 katika umbali huo. Waya wa bure wenye mkato wa milimita mraba 0.2 utakuwa na ukinzani wa 0.0172 × 10 ÷ 0.2, yaani omu 0.86. Spika itapata sehemu 8 tu kati ya 8.86 za volteji. Na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volteji, asilimia 18 hivi ya nguvu itakuwa imepotea. Sasa tuweke waya wa milimita mraba 1.5, ule unaotumika kwa taa za nyumbani. Ukinzani ni omu 0.115, na hasara haifiki asilimia 3. Tukipanda hadi milimita mraba 2.5, hasara ni asilimia 1.7. Hatua ya kwanza ni kubwa, ya pili ni ndogo sana, na zinazofuata ni ndogo zaidi.

Mtu aweza kusema kwamba hasara ya nguvu hurudishwa kwa kuongeza sauti kidogo. Ingekuwa hivyo, kama spika ingekuwa na ukinzani uleule kwa sauti zote. Lakini omu 8 zilizoandikwa mgongoni mwake ni jina tu. Kwa mkondo geu, spika hiyohiyo yaweza kushuka hadi omu 6 kwa sauti fulani, na kupanda hadi omu 30 kwa sauti nzito ambayo koni hupenda kutikisika nayo yenyewe. Waya wa omu 0.86 huipunguza volteji ya sauti ya kwanza kwa asilimia 12.5, na ya pili kwa asilimia 3 pekee. Tofauti hiyo inakaribia desibeli 1. Hapo waya haupunguzi sauti tu, bali unabadilisha uwiano wa sauti nzito na nyembamba. Na hilo sikio makini linaweza kulitambua.

Vipi kuhusu madini ya thamani? Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 8 hivi, faida ambayo hupatikana pia kwa kuunenepesha kidogo waya wa shaba. Dhahabu ni duni kuliko shaba. Hupakwa kwenye ncha za waya kwa sababu haishiki kutu. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ya chumvi huigeuza shaba kuwa ya kijani, kuzikagua na kuzikwangua ncha mara kwa mara kuna maana kuliko ganda la kung'aa.

Majaribio ya masikio yamesema hivyohivyo. Mwaka 1983 gazeti la Marekani liitwalo Stereo Review lililinganisha waya mnene wa kampuni ya Monster, waya wa kawaida wa taa wa geji 16 (milimita mraba 1.3), na waya mwembamba wa geji 24 (milimita mraba 0.2). Muziki ulipopigwa, wasikilizaji hawakuweza kutofautisha zile mbili za kwanza; zote mbili zilionekana kuushinda ule mwembamba. Mwaka 2007 James Randi aliahidi dola milioni moja kwa atakayetambua, bila kuona, ubora wa nyaya zilizouzwa dola 7,250. Hakuna aliyezichukua fedha hizo.

Mwalimu anaweza kulirudia jaribio hilo darasani. Mwanafunzi mmoja akae nyuma ya pazia, arushe sarafu mara kumi, na kila mara aunganishe waya unaotajwa na sarafu. Wenzake waandike ni upi. Anayebahatisha tu atapata 9 au zaidi kwa nafasi 11 kati ya 1,024. Hesabu hiyo nayo ifanywe ubaoni. Kila mara waya unapobadilishwa, amplifaya izimwe kwanza, maana ncha mbili zikigusana zaweza kuunguza transista zake.