MAVAZI YA WAISLAMU: SOMO LA DARASANI

Mwalimu anayewafundisha watoto wa dini mbalimbali habari za Uislamu aghalabu huanza na nguzo tano: shahada, sala, zaka, saumu ya Ramadhani na hija. Wanafunzi huziandika na kuzikariri upesi. Walakini swali lao wenyewe huwa ni la nguo. Kwa nini mwenzao huvaa kofia? Kwa nini dada yake hujitanda kichwa? Yafaa mwalimu aanzie hapo, maana nguo ndiyo ionekanayo kila siku.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba yako mavazi ya dini na yako mavazi ya desturi, na watu wengi huyachanganya. Sheria ya Kiislamu haikutaja kanzu wala buibui. Iliyotaja ni sitara. Kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Kenya, mwanamume anaposali hana budi kusitiri tangu kitovuni hata magotini, na mwanamke mwili wote isipokuwa uso na viganja. Nguo iwe tohara, na mtu awe ametawadha. Katika Kurani, Sura ya An-Nur, aya ya 30 yawaamuru wanaume wainamishe macho yao. Amri ya wanawake na shungi zao yafuata katika aya ya 31. Waalimu wengi huisahau ile ya kwanza.

Yaliyosalia ni desturi, nazo zina historia yake. Huko Buganda hata Mkristo huvaa kanzu siku ya arusi, wala hapana amwonaye kuwa amesilimu. Na buibui je? Zamani huko Lamu wanawake waungwana walipita njiani ndani ya shiraa, yaani kitambaa kikubwa mfano wa hema kilichochukuliwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1907, desturi hiyo ilififia, na buibui jeusi lililotoka Arabuni ya kusini likashika mahali pake. Wanawake waliokuwa watumwa nao wakalivaa, kwa kuwa hapo kwanza kujifunika kulikuwa ni kwa waungwana. Nguo ambayo mgeni huidhania kuwa ni mzigo tu, kwao ilikuwa dalili ya heshima waliyonyimwa.

Yako na mavazi ya kuondoa tofauti. Mwanamume anayehiji huvua kila kilichoshonwa, akajifunga mashuka mawili meupe, tajiri na maskini wasijulikane.

Somo hili si la mtihani peke yake. Katika mwaka 2014 palizuka mabishano katika shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist, juu ya wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Shauri lilifika mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliwakatalia. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwakubalia. Na tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo ya rufani, kwa sababu madai yenyewe hayakuletwa kwa utaratibu upasao. Swali kuu, yaani je, msichana aweza kudai hijabu kuwa ni haki ya imani yake, halikukatwa. Upande mmoja ulisema sare huwafanya watoto wote kuwa sawa; upande wa pili ukajibu kwamba si usawa kumlazimisha mtoto achague baina ya masomo na dini yake. Wanafunzi wakubwa wapewe hoja zote mbili wazipime wenyewe.

Mwalimu asimsimamishe mtoto wa Kiislamu mbele ya darasa kama kielelezo, wala asimwombe msichana avue mtandio ili wenziwe waone unavyofungwa. Alete kitambaa chake. Kofia ya mkono ya Lamu yafaa sana: mafundi huidarizi kwa vitundu vidogo vidogo, na kazi hiyo huchukua majuma mengi. Tena darasa likipata ruhusa ya kuuzuru msikiti, wanafunzi waambiwe mapema kwamba viatu huachwa mlangoni, wasichana wachukue leso, na wasipite mbele ya mtu anayesali.