Somo la Ufundi: Gari Haliwaki, Je, Kosa ni la Stata?



Gari kuukuu likikataa kuwaka alfajiri, mwenye gari huchelewa kazini. Wengi hukimbilia kununua stata na kumaliza akiba ya miezi, kumbe stata ni nzima na kosa liko kwenye betri au waya. Tujifunze kupima kwanza, kisha kubadilisha ikiwa ni lazima.

Kimisagara, mjini Kigali, ni mtaa wa mlimani unaotelemka kuelekea Nyabugogo, kwenye stendi kubwa ya mabasi. Mahali kama hapo ni rahisi kushawishika kuliachia gari literemke hadi injini ishike. Ni hatari. Injini ikiwa imezimika, breki za magari mengi huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, na huko chini barabara imejaa watu.

STATA INAVYOFANYA KAZI

Ufunguo ukigeuzwa, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi. Hiyo husukuma gia ndogo ishikane na meno ya flaiwili, na wakati huohuo huunganisha umeme mkubwa wa betri na mota. Umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na waya wa athi. Njia hii ni duara: ikikatika popote, kazi inasimama.

KUPIMA

Toa gia, vuta hendibreki, washa taa kubwa, kisha mwenzako ageuze ufunguo.

1. Taa zikizimika au kufifia sana: betri imekwisha, au vichwa vyake vimelegea au vimeota ukungu. Visafishe na kuvikaza. Ikiwa betri imejaa na taa bado zinafifia, huenda stata au injini imekwama.
2. Taa zisipobadilika na pasiwe na sauti: umeme mdogo haufiki. Angalia fyuzi, swichi ya ufunguo na waya mwembamba wa solenoidi.
3. Taa zisipobadilika na ukasikia "ta!" moja tu: shuku solenoidi, au kaboni za mota zimelika.
4. Stata ikizunguka kwa kasi na injini imetulia: gia ndogo haishiki, au meno ya flaiwili yamelika.

Mwenye mita apime pia. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6, ikionyesha 12.0 imekaribia kwisha. Kisha weka mita kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, ufunguo ukigeuzwa. Ikizidi volti 0.5, athi ni mbovu. Waya mmoja ni rahisi kuliko stata.

KUBADILISHA

1. Egesha mahali tambarare na uweke magogo kwenye magurudumu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
2. Fungua kichwa hasi cha betri kwanza. Usipofanya hivyo, spana ikigusa waya mkubwa na bodi, cheche hutokea, na gesi ya betri yaweza kulipuka.
3. Weka alama kwenye nyaya za stata, kisha zifungue.
4. Fungua bolti huku ukiishikilia stata, maana ni nzito.
5. Linganisha ya zamani na mpya: idadi ya meno, matundu ya bolti, upande wa kuzunguka. Kagua meno ya flaiwili pande zote.
6. Safisha pale stata inapokaa, kwani hapo ndipo inapopata athi. Funga bolti, kisha nyaya. Kichwa hasi cha betri kifungwe mwisho.

Injini ikiwaka, pima betri tena. Volti 13.8 hadi 14.4 ni dalili kwamba alteneta inachaji. Ikibaki 12, betri itakwisha tena, na stata mpya haitakusaidia kitu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kichwa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho?
2. Taa zinafifia ufunguo ukigeuzwa. Utaangalia nini kabla ya kununua kitu?
3. Je, wenzako kazini wanaweza kuchangia mita moja ya kutumia pamoja?

Anayejua amfundishe mwenzake.